Pointi 699 kwa 699

Leo nataka tuisome pamoja karatasi moja ya takwimu. Ni ya mchezo wa mpira wa kikapu uliochezwa Oakland, California, tarehe 19 Juni 2016: mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali ya NBA, kati ya wenyeji Golden State Warriors na wageni wao Cleveland Cavaliers. Huku kwetu ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu mpira uliporushwa juu, na waliokesha hawajasahau. Cleveland walishinda kwa pointi 93 dhidi ya 89, na LeBron James akafunga 27. Kwa taarifa ya habari ya asubuhi, hayo yanatosha: nani kashinda, kwa ngapi, nani kafunga nyingi. Kwa anayeupenda mchezo huu hayatoshi hata kidogo, na nimekuja studio leo kueleza kwa nini.

Nianze na hesabu ambayo kila nikiirudia inanishangaza upya. Timu hizi zilikuwa zimekwisha kukutana mara sita katika fainali hiyo. Golden State walishinda wa kwanza 104 kwa 89, na wa pili 110 kwa 77. Cleveland wakaamka nyumbani kwao, 120 kwa 90. Wa nne Golden State wakaushinda kule kule Cleveland, 108 kwa 97, na hapo wakawa wanaongoza michezo mitatu kwa mmoja. Mpaka hapo hakuna timu iliyokuwa imewahi kutoka nyuma kiasi hicho katika fainali ya ligi hiyo ikachukua ubingwa. Cleveland wakashinda wa tano, 112 kwa 97, na wa sita, 115 kwa 101. Chukueni kalamu mjumlishe. Golden State, pointi 610. Cleveland, pointi 610. Michezo sita, mingine upande mmoja ukishinda kwa tofauti ya pointi 30 na zaidi, na bado jumla ni sawasawa.

Kisha katika mchezo wa saba wenyewe, zikiwa zimebaki dakika 4 na sekunde 39, Klay Thompson wa Golden State akafunga kikapu kilichosawazisha, 89 kwa 89. Jumla ya fainali nzima ikawa 699 kwa 699. Kuanzia hapo Golden State hawakupata pointi hata moja mpaka kipenga cha mwisho. Cleveland walipata nne. Pointi nne hizo ndizo zilizompa mmoja ubingwa na kumnyima mwingine, na Golden State hawa walikuwa wametoka kushinda michezo 73 kati ya 82 ya msimu, rekodi iliyoivuka ile ya Chicago Bulls ya michezo 72 iliyowekwa mwaka 1996. Kwa Cleveland, mji huo haukuwa umepata ubingwa wa mchezo wowote mkubwa tangu timu yake ya futiboli ya Kimarekani ilipotwaa wa mwaka 1964. Miaka 52.

Sasa tuifungue karatasi.

Anayeisoma kwa mara ya kwanza macho yake hukimbilia safu ya pointi, na katika safu hiyo mkubwa kuliko wote si LeBron. Ni Draymond Green wa Golden State. Alifunga pointi 32, akadaka ribaundi 15, akatoa pasi 9 zilizozaa vikapu. Alitupa mara 15 akaingiza 11. Kutoka nje ya mstari wa pointi tatu alitupa mara nane akaingiza sita. Mitupo huru alipewa minne, akaiingiza yote. Hadi mapumziko alikuwa na pointi 22 na hakuwa amekosa mtupo hata mmoja wa pointi tatu, akiwa ametupa mitano. Na huyu Green hakuwa mfungaji wa timu ile. Kazi yake ilikuwa kulinda, kupasia, kusukumana chini ya kikapu na wanaume wanaomzidi urefu, na kuwafungulia njia Stephen Curry na Thompson. Katika mchezo wa tano hakuwepo kabisa, alikuwa amefungiwa kwa sababu ya kujilimbikizia faulo mbaya, na watu wengi wanaamini fainali iligeuka hapo. Usiku wa mchezo wa saba akacheza mchezo mkubwa kuliko yote ya maisha yake. Akashindwa.

Ninaisema habari ya Green kwanza kwa makusudi, kwa sababu hapa kwetu tuna mazoea ya kupima mchezaji kwa matokeo ya timu yake. Timu ikifungwa, wote wanaitwa wabovu. Ligi hii yenyewe iliwahi kukutana na jambo hilo. Mwaka 1969, katika mchezo wa saba wa fainali, Jerry West wa Los Angeles Lakers alifunga pointi 42, akadaka ribaundi 13 na kutoa pasi 12 za vikapu, na Lakers wakafungwa na Boston Celtics 108 kwa 106. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa kutoa tuzo ya mchezaji bora wa fainali, na waliopiga kura wakampa West, mtu wa timu iliyoshindwa. Mpaka leo hajatokea mwingine aliyepewa tuzo hiyo kutoka upande ulioshindwa. Naona walifanya haki, na naona ni ujasiri ambao haukuendelezwa.

Turudi Oakland. Swali linalonisumbua ni hili: Green kafanya yote hayo, Cleveland wakashindaje?

Jibu limo kwenye mistari ya chini kabisa ya karatasi, pale ambapo takwimu za timu nzima zimejumlishwa. Pointi katika mchezo huu hupatikana kwa njia tatu tu: kikapu cha ndani, ambacho ni pointi mbili, kikapu cha nje ya mstari, pointi tatu, na mtupo huru, pointi moja. Golden State waliingiza mitupo 15 ya pointi tatu. Hizo ni pointi 45. Cleveland waliingiza sita tu katika 25, pointi 18. Kwa hiyo kwenye njia ya pointi tatu pekee, Golden State waliwazidi wenzao kwa pointi 27. Mtu akikwambia kwamba timu imezidiwa pointi 27 kwa njia moja, halafu ikashinda mchezo, una haki ya kutomwamini mpaka akuonyeshe zilikorudi.

Zilirudi hivi. Ndani ya mstari, Cleveland waliingiza vikapu 27 katika mitupo 57. Golden State waliingiza 17 katika 42. Tofauti ya vikapu kumi, pointi 20. Mitupo huru: Cleveland 21 katika 25, Golden State 10 katika 13. Tofauti ya pointi 11. Ishirini na kumi na moja ni thelathini na moja. Ondoa ile 27 waliyozidiwa, inabaki nne. Tisini na tatu kwa themanini na tisa. Hakuna pointi iliyopotea njiani.

Hesabu hiyo ina maana yake uwanjani. Golden State wa mwaka ule ndio walioifundisha dunia kwamba mtupo wa mbali si mchezo wa kubahatisha. Curry peke yake aliingiza mitupo 402 ya pointi tatu katika msimu huo, idadi ambayo hakuna aliyekuwa ameikaribia kabla yake, na alichaguliwa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote bila hata moja kwenda kwa mwingine, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Cleveland walijua kwamba wakishindana nao kutupa kutoka mbali watazikwa. Wakaamua kuingia ndani. Walimpeleka LeBron kwenye kikapu, wakampeleka Kyrie Irving kwenye kikapu, tena na tena, bega kwa bega na walinzi, wakikubali kukosa na kukubali kuangushwa, kwa sababu anayeangushwa anapewa mitupo huru. Timu iliyoingiza asilimia 40 tu ya mitupo yake ndiyo iliyoshinda, kwa kuwa ilikwenda kukosea mahali ambapo kukosa kuna faida.

Mwangalieni sasa LeBron mwenyewe. Alitupa mara 24 akaingiza tisa. Kutoka mbali, moja katika tano. Hizo ni namba za usiku mbaya. Lakini ana mitupo huru minane katika kumi, ana ribaundi 11, ana pasi 11 za vikapu, ana mipira mitatu aliyoizuia na miwili aliyonyang'anya, na alicheza dakika 47 kati ya 48. Mchezaji anayefikisha kumi au zaidi katika safu tatu, yaani pointi, ribaundi na pasi za vikapu, katika mchezo wa saba wa fainali, alikuwa ametokea mara mbili tu kabla yake: Jerry West huyo huyo niliyemtaja, na James Worthy wa Lakers mwaka 1988. Tena ukiijumlisha fainali nzima, LeBron aliongoza wachezaji wote wa timu zote mbili kwa pointi, ribaundi, pasi za vikapu, mipira aliyonyang'anya na mipira aliyozuia. Safu tano, jina moja. Hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivyo kabla yake katika mfululizo wowote wa mtoano wa ligi hiyo.

Pamoja na hayo, sipendi namna watu wanavyozisujudia zile namba za tarakimu mbili. Ribaundi ya tisa na ribaundi ya kumi ni ribaundi mbili zilizo sawa, hazitofautiani kwa lolote isipokuwa mvuto wa namba kumi machoni petu. Green alikosa pasi moja tu naye angekuwa amefikisha. Mtupaji mmoja aliyempasia angeingiza mara moja zaidi, leo tungekuwa tunamtaja pamoja na West. Pasi ya Green ingekuwa ile ile, nzuri vile vile, na mkono uliokosa ungekuwa wa mtu mwingine.

Mikono iliyokosa, basi, ndiyo habari kubwa ya karatasi hii. Curry: mitupo sita katika 19, na kwa pointi tatu minne katika 14. Thompson: sita katika 17, na kwa pointi tatu miwili katika kumi. Wawili hao, ambao dunia nzima iliwaogopa kwa mitupo ya mbali, waliingiza sita katika 24. Harrison Barnes alitupa mara kumi akaingiza tatu. Ukimwondoa Green, Golden State waliobaki walitupa pointi tatu mara 33 wakaingiza tisa.

Karatasi inakuambia walikosa. Haikuambii walikosaje, na hapo ndipo msomaji wa takwimu anapopaswa kuwa ameutazama mchezo. Cleveland walikuwa wakibadilishana watu kila mara: mlinzi wa Curry akizuiwa njia na mchezaji mwingine, mwenzake anamchukua Curry papo hapo bila kumwachia nafasi ya kupumua. Hii maana yake mara nyingi Curry alijikuta mbele yake yuko Tristan Thompson, mtu mrefu wa chini ya kikapu, ambaye kwa kawaida hapaswi kuonekana huko nje. Tristan Thompson karatasini ana pointi tisa na ribaundi tatu. Anayesoma safu ya pointi atampita bila kusimama. Lakini mitupo ya Curry iliyotupwa haraka, au iliyotupwa kwa kuegemea nyuma, au ambayo haikutupwa kabisa na mpira ukarudishwa kwa mwenzake, sehemu yake kubwa ilitokana na miguu ya Tristan Thompson ikisogea kushoto na kulia mbele yake.

Kuna sehemu nyingine ambayo naiona kila nikiitazama sifuri ya Festus Ezeli wa Golden State. Ezeli, Mnigeria aliyezaliwa Benin City, alitupa mara nne akakosa zote. Kocha Steve Kerr alimrudisha uwanjani robo ya nne kwa sababu Andrew Bogut, mtu mrefu wa kutegemewa, alikuwa ameumia goti katika mchezo wa tano. Golden State walikuwa mbele 87 kwa 83. LeBron akamkuta Ezeli mbele yake, mbali na kikapu, akajifanya anatupa. Ezeli akaruka, akamgonga: mitupo huru mitatu, yote ikaingia. Mara LeBron akamkuta Ezeli tena mbele yake, safari hii Ezeli akiogopa kuruka, na LeBron akatupa pointi tatu usoni pake. Ikaingia, Cleveland wakawa mbele 89 kwa 87. Ule ndio mtupo pekee wa pointi tatu alioingiza usiku mzima, ile moja katika tano niliyowatajia. Pointi sita kwa mtu mmoja yule yule, na zote zilitokana na goti la mchezaji aliyekuwa amekaa pembeni hawezi kucheza. Goti halina safu.

Halafu, zikiwa zimebaki dakika 1 na sekunde 50, likaja lile tukio.

Irving amekosa kikapu. Andre Iguodala wa Golden State amechukua mpira na kuanza kukimbia, Curry yuko naye, mbele yao yuko J.R. Smith peke yake. Iguodala anampasia Curry, Curry anamrudishia kwa mpira wa kudunda, Iguodala anapaa kuuweka kikapuni. LeBron wakati huo anatoka nyuma kabisa, anakula uwanja, anaruka, na mpira unakutana na kiganja chake ukiwa umekaribia kugusa ubao. Picha yake imezunguka dunia nzima. Katika karatasi ni alama moja: LeBron James, mpira uliozuiwa, mmoja.

Rudieni picha ile polepole mkipata nafasi, na mara hii msimtazame LeBron. Mtazameni J.R. Smith. Iguodala anapopaa, Smith ananyosha mkono kuuwahi mpira, na Iguodala analazimika kuushusha kidogo kumkwepa kabla ya kuupandisha tena. Kule kuushusha na kuupandisha kulichukua muda mdogo mno. Muda huo ndio aliokuwa akiuhitaji LeBron kufika. Bila mkono wa Smith, ninaamini mpira ungekuwa umeingia. Smith hakupewa alama yoyote kwa tukio lile, na wala mwandishi wa takwimu hana kosa, maana hana mahali pa kuiandika.

Na hata huo mpira uliozuiwa, kuuandika kwenyewe si jambo la tangu zamani. Ligi ya NBA ilianza kuhesabu rasmi mipira iliyozuiwa na iliyonyang'anywa katika msimu wa 1973-74. Kabla ya hapo Bill Russell wa Boston Celtics alicheza misimu 13 na kuchukua ubingwa mara 11, akiwa mlinzi ambaye waliomwona wanasema hakuwa na mfano, na hakuna idadi rasmi ya mipira aliyoizuia. Imepotea yote. Watoto wa leo wakilinganisha magwiji kwa namba, Russell anaingia katika mashindano hayo akiwa amenyimwa silaha yake kubwa.

Dikembe Mutombo alicheza baada ya hesabu hiyo kuanza, na kwa hiyo idadi yake tunaijua. Mwana wa Kinshasa, aliyekuwa na lugha nyingi kinywani, Kiswahili kikiwamo, alizuia mipira 3,289 katika NBA, na ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria tu mwenye nyingi zaidi, 3,830. Mwaka 1994 Denver ya Mutombo, timu iliyoingia mtoano ikishika nafasi ya nane, iliitoa Seattle iliyoshika ya kwanza, na katika michezo hiyo mitano alizuia mipira 31. Wa 32 ni ule ambao mtu wa Seattle alimwona amesimama akaamua asijaribu. Na wa 33, na wa 34. Hiyo ilikuwa nusu nyingine ya kazi yake, kuwatia watu shaka kabla hawajaruka, na aliondoka duniani mwaka 2024 ikiwa haijaandikwa.

Tumalizie dakika ile ya mwisho. Zikibaki sekunde 53, matokeo bado 89 kwa 89, Irving akiwa upande wa kulia, mbele yake Curry, akarudi nyuma hatua moja akatupa. Ikaingia. Pointi tatu, 92 kwa 89, baada ya dakika karibu nne ambazo timu mbili bora duniani hazikupata hata pointi moja. Curry akaurudisha mpira upande wa pili, na baada ya wachezaji kubadilishana, mlinzi aliyejikuta mbele yake ni Kevin Love.

Wapenzi wa Cleveland waliokuwa wakitazama walishika vichwa. Love alikuwa mtupaji na mdakaji, na msimu mzima alilaumiwa kwa miguu mizito. Katika fainali hiyo hiyo aligongwa kichwani mchezo wa pili, akakosa wa tatu, akaanzia benchi wa nne. Sasa yuko peke yake na mchezaji bora wa ligi, mbali na kikapu, sekunde zinakwenda. Curry akaingia kushoto, Love yupo. Akarudi kulia, Love yupo. Akatoa mpira, akaupokea tena, Love yupo. Mwishowe Curry akatupa, Love mkono wake uko juu, mpira ukagonga chuma ukatoka.

Tafuteni tukio hilo kwenye karatasi. Kwenye mstari wa Curry mtakuta mtupo mmoja uliokosa, kati ya ile kumi ya pointi tatu aliyoikosa. Kwenye mstari wa Love hamkuti kitu. Pointi tisa, mitupo mitatu katika tisa, hakuna hata mmoja wa pointi tatu. Ribaundi 14, hiyo ni nzuri. Lakini iko safu moja, ile ya mwisho kabisa, ambayo huhesabu timu imepata na kupoteza pointi ngapi mchezaji akiwa uwanjani. Hapo Love ana 19 za kujumlisha. Katika dakika 30 alizocheza, Cleveland waliwazidi Golden State kwa pointi 19. Katika dakika 18 alizokaa benchi, walizidiwa kwa 15.

Safu hiyo ina udhaifu, nisiifiche. Kwa mchezo mmoja inaweza kumpa sifa mtu aliyesimama tu wakati wenzake wanafanya kazi, na inaweza kumwadhibu mwingine kwa mikosi ya watu wengine. Sitaitumia kumpima mchezaji kwa usiku mmoja. Ila kwa Love usiku ule ninaiamini, kwa sababu nimeona ribaundi zake, na nimeona miguu yake mbele ya Curry. Namba na macho vimekubaliana. Na inafaa kusema kwamba mwaka huo huo wa 2016 ligi ilianza kuchapisha hesabu za kazi hizi za jasho: mitupo iliyokabiliwa kwa mkono, mipira iliyoguswa ikabadili njia, mipira iliyookotwa sakafuni. Ilichukua miaka mingi mno.

Pointi ya 93, ya mwisho, ilitoka kwa LeBron zikiwa zimebaki sekunde 10.6. Alipaa kudanki, Green akamzuia kwa faulo, LeBron akaanguka vibaya juu ya kifundo cha mkono, akalala sakafuni kwa muda. Aliamka, akakosa mtupo huru wa kwanza, akaingiza wa pili.

Sasa niseme linalotuhusu sisi moja kwa moja. Wengi wenu mnaonisikiliza mmewahi kukaa karibu na meza ya makarani kwenye mchezo wa kikapu, iwe Don Bosco, Dar es Salaam, iwe Nyayo, Nairobi, iwe uwanja wa shule. Karatasi rasmi ya FIBA iliyo mbele ya karani ina namba zinazopanda, moja hadi mia na sitini. Mchezaji akifunga kikapu, karani anapiga mstari wa mshazari juu ya namba na kuandika pembeni jezi ya mfungaji. Kikiwa cha pointi tatu, anaizungushia duara jezi hiyo. Mtupo huru ni nukta nene. Kwingine zinaandikwa faulo, na muda wa mapumziko walioomba makocha. Ni karatasi nzuri, haibishaniwi. Lakini ribaundi haimo. Pasi haimo. Mpira uliozuiwa haumo. Na katika mashindano yetu mengi ya shule na mitaa, karatasi hiyo ndiyo kumbukumbu pekee inayobaki watu wakishakwenda nyumbani.

Mkumbukeni Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Katika msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa na wastani wa pointi 13.6 kwa mchezo, na pointi hizo hazikumweka hata kwenye orodha ya wafungaji wakubwa. Kilichomweka mbele ya macho ya Memphis ni kuzuia mipira zaidi ya minne kila mchezo, na ribaundi zaidi ya kumi. Connecticut walikuwa na mtu wa kuhesabu. Lau angebaki kwenye viwanja ambavyo karatasi inajua pointi na faulo tu, ushahidi wa kipaji chake ungebaki midomoni mwa waliomwona.

Kwa hiyo walimu wa michezo, na nyinyi vijana mnaoendesha mashindano ya mitaa, ombi langu ni hili. Wawekeni watu wawili pembeni ya uwanja na daftari la kawaida la mistari. Mmoja asiandike kabisa, atazame tu na kutamka: namba saba, ribaundi, namba kumi na mbili, pasi, namba tano, kapoteza mpira. Wa pili asitazame mchezo, aandike tu anachosikia, kwa sababu anayejaribu kufanya yote mawili atakosa yote mawili. Majina yashuke kushoto, na juu ziwe safu sita: mitupo iliyoingia na iliyokosa, ribaundi, pasi za vikapu, mipira iliyonyang'anywa, iliyozuiwa, iliyopotezwa. Mkizoea hizo, ongezeni ya saba kwa ajili ya kina J.R. Smith: mkono ulionyanyuliwa mbele ya mtupaji. Robo ikiisha, jumlisheni na mlinganishe na karatasi ya karani. Pointi zisipolingana, tafuteni kosa kabla robo nyingine haijaanza, maana baada ya mchezo hakuna atakayekumbuka.